Kila mtu na maji yake: meza ya Mama Vioo, mkata vitofali vya nta

Saa moja kasorobo asubuhi, Mama Vioo ameshapanda kwenye kiti chake kirefu. Mbele yake kuna sinia la barafu, na juu ya barafu vimepangwa vitofali vidogo vya nta, kila kimoja na namba yake ubavuni. Ndani ya kila kitofali kuna kipande cha nyama ya mtu, kidogo kama punje ya mchele.

Anachukua kimoja, anakibana kwenye mashine, anazungusha gurudumu kwa mkono wa kulia. Wembe unapita. Utepe mwembamba wa nta unateremka, anaupokea kwa brashi na kuulaza juu ya beseni la maji ya uvuguvugu. Utepe unajinyoosha wenyewe mpaka mikunjo inaisha. Anazamisha kioo chini yake na kuuopoa polepole, kama mtu anayetoa utando wa maziwa bila kuuchana.

Kisha anafanya jambo ambalo mgeni angelidhani ni usafi wa kupitiliza. Anachukua karatasi laini, anaipitisha juu ya maji yote kutoka ukingo hadi ukingo, na kuitupa.

"Kila mtu na maji yake," anasema, kwa sauti ya mtu anayesalimia. Ndipo anaponyoosha mkono kuchukua kitofali kinachofuata.

Ila leo kipo kitofali kimoja kilichotengwa, kwenye kisahani, upande wa pili wa meza. Hicho hakigusi. Hata kukitazama anakitazama kwa pembe ya jicho. Kitakatwa na fundi mwenzake, mwanamume mpole wa miaka thelathini na kitu anayeitwa Babu kwa sababu tu anavaa miwani yenye kamba.

"Kile ni changu," Mama Vioo anamwambia mwandishi wa makala haya. "Yaani niliyemo mle ni mimi."

Anarudi kwenye gurudumu lake. Majibu yatatoka leo alasiri, na mpaka hapo vitofali vya watu wengine havingoji.

Mama Vioo ana miaka arobaini na sita na watoto watatu. Alianza hapa akiwa mwoshaji wa vyombo vya maabara, akaenda chuo cha ufundi akiwa na mtoto mgongoni, akarudi akiwa fundi. Jina alipewa mtaani. Binti yake mkubwa aliulizwa na jirani mama yake anafanya kazi gani, akajibu, "Ya vioo." Jumamosi iliyofuata jirani huyo akaleta dirisha lililovunjika.

"Nilimpeleka kwa fundi dirisha na nauli nikalipa mimi," anakumbuka huku akicheka. "Jina likanikaa, ningefanyaje?"

Chumba chake ni chembamba, kinanuka nta ya moto na dawa za rangi. Mafundi ni wawili, na mashine ya kukatia ni moja. Umeme ukikatika, maji yanapoa na nta inagoma, kazi ya asubuhi nzima inahamia jioni. Mshahara wake, ukitoa nauli na ada za shule, unamfikisha karibu tarehe ishirini. Siku zilizobaki zinabebwa na mumewe, fundi baiskeli.

Na ni kwa mumewe huyo ndiko alikotoa kifaa chake cha kufundishia. Kipo rafuni, kati ya chupa za rangi: mkono wa breki wa baiskeli, na waya wake uliokatika ukining'inia. Kila mwanafunzi anayekuja kujifunza kazi lazima aubane kwanza.

"Bana," anamwambia mwandishi. Mwandishi anabana. Mkono unarudi mpaka kwenye vidole bila ukinzani wowote.

"Umebana breki?"

"Nimebana."

"Baiskeli imesimama?"

"Ingekuwapo, isingesimama."

"Basi umeshaelewa nusu ya kazi yangu," anasema, na kuurudisha rafuni.

Nusu ya pili anaieleza akiwa anakata, bila kuinua macho. Vitofali vingi vya asubuhi hii vimetoka kwenye mlango wa kizazi. Mahali hapo hupenda kukaa kirusi kimoja kinachoenezwa kwa kujamiiana. Watu wengi sana hukipata na hawajui, kwa sababu mwili huwa unakifukuza wenyewe. Kwa wanawake wachache kinagoma kuondoka, kinakaa miaka.

Seli ya kawaida, anasema, haiamki tu na kujigawa. Hungoja ujumbe. Ujumbe unafika kwenye ukuta wake wa nje, unapokelewa na protini moja, inampa mwenzake, naye anampa mwingine, kama mbio za kupokezana vijiti, mpaka ufike ndani kwenye kiini. Mwingine ni wa "jigawe". Mwingine ni wa "simama". Na upo wa mwisho, unaopelekwa kwa seli iliyoharibika kabisa: "wewe umekwisha, jiondoe kwa amani."

"Seli zina adabu kuliko sisi," anasema Mama Vioo. "Ikiambiwa ife, inakufa. Haimpigii mtu simu kulalamika."

Kirusi kinapoingia kinakuja na protini zake. Mbili ndizo zenye balaa. Ya kwanza inamkamata mlinzi, yule anayekagua kama seli imeharibika na kuiamuru ijiondoe. Haimfungi wala haimfukuzi, inampeleka kwenye kinu cha seli yenyewe asagwe. Ya pili inakwenda kwenye breki na kuukata waya.

"Kirusi hakina chuki na mtu. Kinachotaka ni seli iendelee na kazi ili nacho kijizalishe humo. Lakini sasa breki hakuna, mlinzi hakuna. Seli inajigawa ikiwa na makosa yake, na makosa yanarithiwa, yanaongezeka. Baada ya miaka mingi ndiyo unaisikia saratani."

Na hapo ndipo rangi yake inapoingia. Seli ikiona inakwenda kasi, inajaribu kujisimamisha: inatoa protini ya kubana breki. Inabana, haisimami, inatoa nyingine, inabana tena. Mwishowe protini hiyo inajaa tele ndani ya seli. Dawa ya Mama Vioo huinasa na kuigeuza ya kahawia. Seli zilizo nzima hubaki samawati. Zile ambazo waya wake umekatwa huonekana kahawia kama chai ya rangi.

"Watu wakiona kahawia wanasema ni seli mbaya. Mimi huwa naionea huruma," anasema. "Ni seli inayobana breki kwa nguvu zake zote."

Mwandishi anauliza ule usemi wa maji umetoka wapi. Babu, aliye upande wa pili wa meza, anakohoa kidogo na kujifanya anafuta miwani. Mama Vioo anasimamisha gurudumu.

"Umetoka kwa wifi yangu," anasema. "Nusura niue mtu mzima."

Wifi huyo ni dada wa mumewe, fundi cherehani mwenye sauti ya kusikika mitaa miwili. Mwaka jana Mama Vioo alimwandama akapime. Alimwandama sokoni, alimwandama kwenye simu, alimwandama hata msibani. Mwishowe wifi akasalimu amri. Mpimaji alimpaka siki kwenye mlango wa kizazi, akaona palipogeuka peupe, akachukua kinyama kidogo kipelekwe maabara.

Wifi, kwa kuwa ni wifi, alihifadhi namba yake kichwani na kumpigia simu: "Nakuja huko kwenu kwenye chupa. Unikate vizuri, si unavyokata kitunguu."

Maabara ina utaratibu: kitofali cha ndugu yako unampa mwenzako. Mama Vioo aliujua. Aliiona namba, akakibakiza kitofali mezani kwake.

"Nilijiambia, nani atamkata kwa uangalifu kuliko mimi? Kumbe mapenzi nayo yana haraka yake."

Kitofali kilichotangulia kilikuwa cha mama mmoja ambaye saratani yake ilikuwa inajulikana. Alipokimaliza, kwa pupa ya kufika kwa wifi, akaweka utepe mpya kwenye maji yaleyale. Hakufuta. Haraka haraka haina baraka, wahenga hawakuona mashine hii lakini waliijua.

Kioo kilipokauka na kutiwa rangi, alifanya kosa la pili. Badala ya kukipeleka kwa daktari, alikichungulia mwenyewe kwenye hadubini. Aliona kipande kikubwa, samawati. Pembeni yake, kama kisiwa, kipande kidogo cha kahawia iliyokolea.

"Nilikaa chini, hapo hapo sakafuni. Babu ni shahidi."

"Nilidhani ameteleza," anasema Babu.

La tatu ndilo lililomuuma zaidi. Jioni ile ile alikwenda kwa wifi yake na kumwambia. Ulimi hauna mfupa.

Wifi mwenyewe, aliyepatikana dukani kwake akiwa na pini mdomoni, anasimulia habari hiyo kama mtu anayesimulia harusi. Alilia usiku kucha, kulipokucha akaanza kugawa mali. Cherehani alimpa mwanafunzi wake. Sufuria kubwa alimpa mdogo wake. Mapazia ya sebuleni alimpa jirani waliyekuwa hawasemeshani naye tangu zamani.

"Nilisamehe watu, usinione hivi. Nilimsamehe hata yule aliyeniunguzia gauni la bibi harusi kwa pasi. Nikasema nife mweupe."

Huku wifi akigawa sufuria, kule maabara daktari wa hadubini alimwita Mama Vioo ofisini. Ni mwanamke mtulivu, anayezungumza kama anayehesabu maneno. Alimwambia atazame.

"Mama, hiki kikubwa na hiki kidogo havijuani," alisema. "Nikikilenga hiki, kile kinafifia. Kidogo kimekaa juu yake, hakijashikana popote. Maji yalifutwa?"

Mama Vioo anasema hapo ndipo alipojua maana ya kubanwa na mlango. Angejibu ndiyo, hakuna ambaye angejua. Lakini wifi yake angetolewa kizazi kwa ugonjwa wa mtu mwingine. Akijibu hapana, kazi ya miaka yote ilikuwa mikononi mwa huyu mama mwenye maneno machache.

"Nikasema hayakufutwa. Na kitofali ni cha wifi yangu. Na nimeshamwambia."

Daktari alivua miwani. Kisha akasema, "Kosa la kwanza tunaweza kulirekebisha kwenye nta. La mwisho itabidi ulirekebishe wewe."

Babu alikata upya, chini zaidi kwenye kitofali kilekile, kwa maji mapya. Kilichotoka kilikuwa samawati tupu. Palipogeuka peupe palikuwa na uvimbe wa maambukizi ya kawaida, wa kutibiwa kwa dawa. Kitofali cha yule mama mwingine nacho kilikaguliwa tena, matibabu yake hayakubadilika. Mama Vioo alipewa onyo na hakulipinga. Jioni akaenda kwa wifi yake kwa mara ya pili, kichwa chini.

"Nikamwangalia," anasema wifi. "Nikamwambia, maji yakimwagika hayazoleki, lakini sufuria zangu zinazoleka. Twende tukazikusanye. Cherehani imerudi, sufuria imerudi. Mapazia hayajarudi mpaka leo."

Anatoa pini mdomoni. Sauti inashuka, jambo ambalo halimtokei mara nyingi.

"Ila nilimuuliza kitu. Nikamwambia, wifi, umenitisha bure, nimekusamehe. Na wewe? Umepima lini?"

Mama Vioo alikuwa hajapima hata mara moja. Miaka yote hiyo ya kukata vitofali vya wanawake wengine, na yeye hajawahi kulala kwenye kile kitanda cha kupimiwa. Mganga hajigangi.

Sababu anaitoa bila kujitetea. "Ningesema sina nafasi, ningekuwa mwongo. Nilikuwa naogopa. Wewe ukisikia saratani unasikia neno. Mimi naona picha. Najua kahawia inavyokaa, najua inavyoteremka. Anayejua njia usiku ndiye anayeogopa mashimo."

Ilichukua miezi. Wifi alilipiza kisasi kwa njia ileile: sokoni, kwenye simu, msibani. Wiki iliyopita alifunga duka, akaja kumchukua mlangoni, akamshika mkono mpaka kliniki. Alimshikia mkoba. Mpimaji akapaka siki, na mahali palipogeuka peupe palikuwapo. Akachukua kinyama, na kinyama kikaja hapa.

Saa tatu, Babu anakivuta kile kisahani. Anabadilisha wembe. Anamwaga maji ya beseni, anajaza mengine, anangoja yapate moto, kisha anafuta juu yake ingawa hakuna kitu kilichogusa. Anafuta mara ya pili. Mama Vioo amempa mgongo, anapanga vioo ambavyo vilikuwa vimepangwa tayari.

Gurudumu linazunguka. Kioo kinaingia kwenye joko kukauka.

"Ulikuwa mgumu kidogo," anasema Babu.

"Kama kawaida yangu," anajibu.

Mchana anakula kidogo. Anapiga simu nyumbani kuuliza kama binti yake mdogo amerudi kutoka shuleni. Binti huyo alidungwa chanjo ya kirusi hiki akiwa darasani pamoja na wenzake, na Mama Vioo anasema siku ile alikwenda mpaka getini kuhakikisha hatoroki. "Yeye breki zake zina ulinzi. Mimi wakati wangu chanjo haikuwapo."

Saa tisa wifi anafika. Amefunga duka tena, shingoni bado ana futi ya kupimia nguo. Anakaa kwenye benchi la koridoni.

Daktari anafungua mlango wake mwenyewe. "Mama. Nikuambie, au utatazama?"

Mama Vioo anafuta mikono kwenye koti. "Nitatazama."

Hadubini ya daktari ina macho mawili ya ziada ya kufundishia. Mama Vioo anainama. Anakaa hapo muda mrefu kuliko mtu anavyokaa kutazama kitu asichokijua. Mwandishi, aliyeruhusiwa kutazama pia baada ya mwenyewe kukubali, anaona uwanja wa samawati, na katikati yake mkanda wa kahawia, umekolea, kuanzia juu mpaka chini.

"Rangi ipo," anasema Mama Vioo.

"Rangi ipo," anasema daktari. "Sasa shuka. Tazama mstari wa chini."

Chini ya ngozi ile kuna mstari mwembamba unaoitenganisha na nyama ya ndani. Saratani huitwa saratani pale seli zinapouvuka. Mama Vioo anasogeza kioo kidogo kidogo, kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho, kisha anarudi nao tena.

"Haujavukwa," anasema.

"Haujavukwa. Waya umekatwa, lakini baiskeli haijaanza kuteremka. Ijumaa wataondoa sehemu hiyo, na jioni utalala kwako. Baada ya hapo utakuwa unapimwa. Ungekaa miaka mingine, tungekuwa tunazungumza mengine."

Mama Vioo anainua kichwa. Machozi yanamtoka na hayafichi. Anasema asante, anasema tena, anatoka koridoni.

Wifi amesimama. Anamtazama usoni, anaona machozi, anashika futi yake kwa mikono miwili.

"Ipo?"

"Ipo. Lakini imewahiwa."

Wifi hamjibu yeye. Anamgeukia Babu, aliyesimama mlangoni mwa chumba cha nta. "Na maji? Maji yalifutwa?"

"Mara mbili, dada."

"Basi ni yake kweli," anasema wifi, na ndipo anapoangua kilio, kwa ile sauti yake ya mitaa miwili, mpaka karani wa mapokezi anakuja kuuliza nani kafiwa.

"Hakuna aliyekufa," Mama Vioo anamwambia karani, sasa ndiye anayembembeleza wifi yake. "Nyamaza wewe. Usije ukaanza kunigawia sufuria zangu."

Baadaye, wakiwa wametulia, anaeleza mipango yake. Ijumaa matibabu. Akirudi kazini, ataanza na jengo hili hili: karani wa mapokezi, wafagiaji, wapishi wa kantini, wanafunzi, kila mwanamke anayepita mbele ya mlango wake kila siku na hajawahi kupima. Daktari amekubali kuwatengea asubuhi moja kwa mwezi. Mkono wa breki atatoka nao rafuni.

"Sitawatisha," anasema. "Nitawaambia wabane, waone. Halafu nitawaambia na mimi nilibana."

Ndoto yake nyingine ni ndogo. Anataka kumfundisha binti yake mkubwa kazi hii, kisha astaafu siku ambayo sinia zima la barafu litatoka samawati.

Vimebaki vitofali sita vya leo. Babu anamwambia aende nyumbani, atavimalizia. Mama Vioo anakataa, anapanda kwenye kiti chake kirefu. Wifi hataki kuondoka bila yeye, kwa hiyo amesimama mlangoni na mikoba miwili begani, wake na wa mwenzake.

Gurudumu linazunguka, utepe unateremka, kioo kinaopoa.

"Umefuta?" anauliza wifi.

Karatasi inapita juu ya maji, kutoka ukingo hadi ukingo.

"Nimefuta, wifi."